Maji Yanayopita Chini ya Zahanati

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza daftari. Mume wangu anasema nikirudi kutoka kazini husimulia mambo ya maabara mpaka chakula kinapoa, kwa hiyo mengine niyaandike, nimpunguzie. Haya basi. Wagonjwa kumi na wanane, kumi na mmoja kati yao homa na tumbo. Mwaka jana mvua zilipoanza ilikuwa hivi hivi.

Alhamisi, 7 Machi
Wagonjwa ishirini na sita. Sikuinua kichwa kwenye hadubini mpaka saa tisa. Hapa zahanati wananiita Mama Hadubini, na leo nilikuwa karibu kulisahau jina langu la kuzaliwa.

Jumatatu, 11 Machi
Daktari ametamka waziwazi kwamba ni homa ya matumbo, na kwamba inatoka kwenye maji. Ameagiza kila nyumba ichemshe maji ya kunywa. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaguna. Kuni zote zimelowa.

"Badala ya kutuambia tuchemshe," akasema mmoja, "si muwaambie wale wa juu waache kutuchafulia?"

Hakuna aliyeuliza wale wa juu ni nani. Juu ya mji wetu kuna kilima, na kileleni, pembezoni mwa msitu, kuna kaya kumi na nne za watu waliokuwepo hapa kabla babu zetu hawajafika. Tunawaita watu wa porini, nao wanajua tunavyowaita. Hushuka sokoni na vyungu na asali, wakauza, wakapanda tena. Chemchemi inayonywesha mji, ile iliyojengewa tangi, iko chini ya kilima, hatua kama mia moja chini ya zahanati, na pampu hupandisha maji yake mpaka bomba la zahanati. Nami niliona maneno ya yule mama yana akili. Maji hushuka, hayapandi.

Jumamosi, 16 Machi
Mwenyekiti wa kamati ya maji amepita nyumba kwa nyumba na karatasi. Inaomba watu wa porini wahamishwe ng'ambo ya kilima. Nilisaini nikiwa nimesimama mlangoni, kwa kalamu yake. Mume wangu alisaini baada yangu. Mama mkwe alisema macho yake hayaoni, lakini dakika chache baadaye alikuwa anachambua mchele.

Jumatano, 20 Machi
Mzee wa Soli amefariki.

Alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa mbele ya lango la zahanati. Kila asubuhi alitazama miguu yangu kwanza, uso baadaye. "Kisigino hicho kinaomba msaada," alikuwa akisema, na kabla sijajibu kiatu kiko mkononi mwake. Aliletwa Jumapili akiwa amechelewa. Alikuwa amekaa siku tisa na homa kwa sababu, kwa maneno yake, watu walikuwa wamemwachia viatu na mvua inanyesha. Utumbo ulikuwa umetoboka. Daktari alimpa rufaa, gari likakwama kwenye matope, likanasuliwa, likakwama tena. Akafia njiani.

Mkewe alirudi kuchukua blanketi. Akaniuliza, "Alikunywa nini?"

"Maji tu, shemeji."

"Maji ya kibanda chake aliyateka hapo bombani kwenu," akasema. Hakusema kwa lawama. Alikuwa anajaribu kukumbuka tu.

Jumatatu, 25 Machi
Mkutano wa mji. Karatasi ina majina mia moja na kumi na mawili. Mwenyekiti alilitaja jina la Mzee wa Soli mara nne. Bwana afya akasema watu wa porini wapewe mpaka tarehe 27 Aprili wawe wamehama, lakini faili likamilishwe: apimwe mtu, yapimwe maji, ionekane kitaalamu. Kisha akanitazama mimi.

Jumanne, 2 Aprili
Nimepanda kilimani na chupa tano begani. Ndani ya kila chupa kuna kipande cha karatasi chenye dawa. Unatia maji, unafunga, unaiacha siku mbili. Yakiwa na uchafu wa choo yatageuka meusi. Yakiwa safi yatabaki kama yalivyo.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake akikanda udongo. Umri wetu unalingana. Mikono yake ilikuwa ya kijivu hadi viwikoni. Nimewahi kununua chungu kwake bila kumtazama usoni. Nitamwita Mfinyanzi.

"Umekuja kutupima sisi au maji?" akauliza.

"Maji."

"Basi twende kabla mvua haijarudi. Sisi tutapimwa siku nyingine."

Chemchemi yao imezungushiwa uzio wa fito. Pana kopo moja la kutekea, limetundikwa kwenye kijiti, wala hapana mtu anayetia mkono majini. Nikauliza choo kiko wapi. Akanionyesha upande wa pili wa mgongo wa kilima, mbali, chini.

"Kule udongo ni mzito. Ndio huu ninaofinyangia. Ukiuchimbia shimo unashika kila kitu, kama chungu."

Nikajaza chupa ya kwanza. Moyoni nilisema wamefanya usafi kwa sababu walisikia nakuja. Chupa ya pili nikaijaza kwenye kijito, chini ya nyumba yao ya mwisho. Ya tatu darajani. Mfinyanzi alinifuata mpaka huko bila kuombwa, kitenge amekifunga kichwani kwa ajili ya manyunyu. Tulipofika nyuma ya zahanati akasimama.

"Hapa umepima?"

"Hapa ni zahanati."

"Najua ni zahanati. Nauliza kama umepima."

Nikamwambia hapana, naelekea kwenye tangi la mji. Akapiga kisigino chini, mara mbili, karibu na mfuniko wa shimo la maji taka.

"Walipokuwa wanachimba hili shimo nilipita na mzigo wa vyungu. Nikamwambia fundi, hapo chini ni mchanga. Juu udongo, chini mchanga, nimechimba kila mahali kwenye kilima hiki nautafuta udongo wangu. Mchanga haushiki kitu. Mvua ikizidi, maji yatapita hapo yashuke kule." Akaelekeza kidevu kwenye tangi. "Akaniuliza nimesomea wapi."

Fundi huyo ni mume wangu. Nilikuwa nafikiri Mfinyanzi hajui hilo.

"Mumeo ana kicheko kizuri," akasema. "Kinasikika mbali."

Nikajaza chupa ya nne kwenye tangi la mji na ya tano kwenye kisima cha shule, ng'ambo ya barabara. Nilipogeuka kumuaga alikuwa ameshaanza kupanda.

Jumatano, 3 Aprili
Mvua. Nimezitazama chupa mara sita. Hazijabadilika.

Alhamisi, 4 Aprili
Chupa ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, safi. Ya tano, safi.

Ya nne, ya tangi la mji, nyeusi kama masizi.

Jumatatu, 8 Aprili
Nilirudia kupima kuanzia Ijumaa bila kumwambia mtu. Matokeo ni yale yale. Kilima kizima maji ni safi, yanapita kwenye nyumba za watu tuliowaandikia karatasi yakiwa safi, kisha yanafika chini ya zahanati yetu, na hapo ndipo yanapoharibika.

Nikampelekea daktari chupa zikiwa kwenye sinia. Si mtu mbaya. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Chupa hizi ni za kukonyeza, mama, si za kuhukumu. Tupeleke sampuli maabara kuu."

"Majibu yatarudi lini?"

"Wiki nne. Tano."

"Watu wanahamishwa tarehe ishirini na saba."

Akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Mahali pa shimo lile aliidhinisha bwana afya. Unalijua hilo."

"Najua. Na aliyelichimba namjua pia."

Akaniruhusu kuandika barua ya kufunga tangi kwa muda, kwa sababu ya tope la mvua. Neno shimo akalikata kwa kalamu. Mwenyekiti alijibu kabla ya jioni kwamba tangi halifungwi, watu watakunywa nini? Wahusika wahame, tatizo litaisha.

Jumanne, 9 Aprili
Nimemwambia mume wangu wakati wa chakula cha mchana. Nilijaribu kuzunguka, nikashindwa, nikasema moja kwa moja.

"Unasema ni shimo langu," akasema.

"Nasema chupa ni nyeusi."

"Nilichimba kama mchoro ulivyosema."

Mama mkwe alikuwa anatafuna polepole. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akaendelea kutafuna. Mume wangu akainuka, akachukua mfuko wake wa spana, akatoka kwenye mvua bila koti.

Jumatano, 10 Aprili
Hajasema neno.

Alhamisi, 11 Aprili
Hajasema. Wagonjwa thelathini na watatu.

Ijumaa, 12 Aprili
Kaniuliza chumvi iko wapi. Nimehesabu kuwa ni neno.

Jumatatu, 15 Aprili
Mama mkwe ana homa. Kumbe maji niliyokuwa namchemshia alikuwa akiyamwagia maua. Anasema yananuka moshi.

Jumatano, 17 Aprili
Damu yake nimeipima kwa mikono yangu mwenyewe. Ni homa ya matumbo. Nilirudia kipimo mara mbili, halafu nikatoka nje kidogo, nikasimama chini ya paa, nikatazama mvua ikipiga mfuniko wa lile shimo.

Amelazwa kitanda cha pili kutoka mlangoni. Dripu inaingia vizuri. Mume wangu alikuja saa nne, akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfikia kifuani. Mama yake alikuwa amelala.

"Yule mwanamke alinionya," akasema.

Nikaendelea kukunja shuka.

"Alitua mzigo wake, akaja mpaka ukingoni. Aliongea kwa heshima kabisa. Na mimi nilikuwa naona, mke wangu. Koleo lilikuwa linatoa mchanga. Ningeweza kusema tusogeze. Lakini bwana afya alikuwa amesimama hapo na mchoro wake, nikaona nikimsikiliza mtu wa porini mbele yake nitaonekana sijui kazi. Nikacheka ili na yeye acheke."

"Akacheka?"

"Sana."

Mama mkwe akafumbua jicho moja. "Umemaliza kutubu? Niletee uji."

Alhamisi, 18 Aprili
Hali ya mama mkwe bado ni ile ile. Homa haijashuka.

Mfinyanzi alishuka leo, si kwa soko. Alisimama dirishani pa maabara, akakataa kuingia. Dada yake mkubwa na kaya nyingine tatu wameondoka jana, hawakusubiri tarehe. Wameenda kwa jamaa zao ng'ambo ya kilima, mwendo wa nusu siku.

"Kwa nini wasingojee?" nikauliza. "Majibu yanaweza..."

"Wiki tano hakuna aliyenunua chungu chetu. Duka la kona linatuambia chumvi imekwisha, na tunaiona rafuni. Dada yangu ana wajukuu. Angojee nini?"

Nikamweleza kuhusu chupa. Zote tano, na zile za kurudia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesema kwa nani?"

"Kwa daktari. Kwa mume wangu."

"Na sasa kwangu," akasema. "Mimi nilikuwa najua."

Jumamosi, 20 Aprili
Mume wangu ana unga wa rangi ya kijani, wa kutafutia bomba linalovuja. Hauna madhara, hutiwa kwenye maji, na popote rangi itakapochomoza ndipo penye tundu. Leo saa sita mchana, mbele ya daktari, mbele yangu, mbele ya mwenyekiti aliyeitwa bila kuelezwa sababu, aliumimina kopo zima kwenye choo cha zahanati, akavuta maji mara tatu.

"Tunatafuta nini?" akauliza mwenyekiti.

"Kazi yangu," akasema mume wangu.

Jumapili, 21 Aprili
Mvua kubwa. Homa ya mama mkwe imeshuka kidogo. Ametukana nesi, dalili nzuri.

Jumatatu, 22 Aprili
Saa moja na nusu asubuhi wanawake watatu waliingia zahanati na ndoo zao, wakaziweka sakafuni, safu moja. Maji yalikuwa ya kijani. Si kijani cha kubahatisha, kijani cha majani ya mgomba.

Daktari alitoka ofisini akiwa na kikombe cha chai mkononi. Akazitazama ndoo, akaangalia kikombe chake, akakimimina taratibu kwenye beseni la kunawia.

Tangi limefungwa kabla ya saa tatu. Watu wanateka kisima cha shule, foleni inafika barabarani.

Jumatano, 24 Aprili
Mkutano mwingine, safari hii darasani kwa sababu ya mvua, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto.

Mume wangu alisimama kwanza. Mimi humjua kwa utani, mtu wa kuzungusha maneno. Leo hakuzungusha. Akasema shimo ni lake, na kwamba alionywa, akasema na nani alimwonya, na kwamba alicheka. Akakaa. Bwana afya alikuwa anaangalia dari. Kisha na yeye akasimama, akasema mchoro ulikuwa wake, sahihi ilikuwa yake, na mchanga aliuona. Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa muda mrefu zaidi.

Mwenyekiti akakohoa. "Ndugu zangu, haya tumeyasikia. Lakini karatasi imeshapelekwa juu. Majina mia moja na kumi na mawili. Haiwezi kurudi hivi hivi."

Mjane wa Mzee wa Soli aliinuka kutoka dawati la nyuma. Huwa haongei hadharani.

"Mkutano uliopita mlilitaja jina la mume wangu mara nne," akasema. "Mlilitumia kuwafukuza watu ambao hawakumfanya kitu. Nalitaka lirudi. Mtakavyolirudisha ni kazi yenu."

Mvua ilikuwa inaongea peke yake juu ya mabati. Nikasimama. Nikasema kwamba na mimi nilisaini, nikiwa ndiye mtu pekee hapa mjini mwenye chupa za kupimia, na nilisaini kabla ya kupima. Nikaomba iandikwe karatasi nyingine ya kuifuta ile ya kwanza, na niwe wa kwanza kusaini.

Tulimaliza saa kumi na moja. Majina tisini na nane. Kumi na wanne hawakutaka, na wengine wao ni majirani zangu. Mwenyekiti alisaini wa mwisho, kwa ile ile kalamu.

Jumamosi, 27 Aprili
Leo ndiyo ilikuwa tarehe yenyewe. Hakuna aliyehamishwa. Mama mkwe ameruhusiwa kurudi nyumbani. Anakunywa ya kuchemsha na kukunja uso.

Ijumaa, 3 Mei
Mume wangu alipanda kilimani peke yake. Aliporudi nilimuuliza alisema nini. "Nilimuuliza yule mwanamke nichimbe wapi shimo jipya." Na yeye? "Akasema anafikiri."

Jumatatu, 6 Mei
Mfinyanzi ameshuka akifuatana na wanaume wanne wa kwao. Alizunguka uwanja wa zahanati tangu asubuhi, anachimbua kidogo hapa, kidogo pale, anauviringisha udongo kwenye vidole uwe kama mkia wa panya, akiupinda anatazama kama unakatika. Ukikatika anahama. Saa nane alikita kijiti kule nyuma ya bustani, mbali na njia ya tangi, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu ambaye angepafikiria.

Jumamosi, 11 Mei
Kuchimba. Mji umetoa watu sitini, kilima kimetoa ishirini. Mwanzoni makundi mawili, kila moja na upande wake na maji yake ya kunywa. Mchana jua likatoka kidogo, ndoo zikachanganyika, na hakuna aliyezitenganisha tena.

Jumanne, 14 Mei
Udongo wa kufinyangia umeshushwa kilimani kwa magunia. Wanaupiga kwa miguu mpaka ulainike, halafu wanaukandika chini na ubavuni mwa shimo, unene wa kiganja kilichosimama. Juu yake mume wangu ataweka zege. Amekuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyomdhania.

Bwana afya alikuja kukagua, akateremka ngazi mpaka chini na buti zake.

"Fundi yuko wapi?"

Mume wangu alikuwa amepiga magoti, matope hadi shingoni. Akanyoosha mwiko upande wa Mfinyanzi. "Fundi ni yule."

Mfinyanzi hakugeuka. "Mwambie atoke na hivyo viatu," akasema. "Anatoboa."

Bwana afya akavua buti, akazishika mkononi, akapanda ngazi pekupeku.

Jumapili, 19 Mei
Shimo la zamani limenyonywa, likatiwa chokaa, likafukiwa. Wagonjwa kumi na mmoja wiki nzima.

Jumanne, 28 Mei
Tangi lilioshwa na kutiwa dawa. Chupa tano, siku mbili. Zote safi. Nilizipanga dirishani pa maabara na mlango nikauacha wazi, watu wakawa wanapita, wanatazama, wanaondoka. Hakuna aliyeshangilia. Mjane wa Mzee wa Soli alikaa mbele ya chupa hizo kwa muda, kisha akaniuliza kama najua mtu anayeweza kununua zana za kushonea viatu. Nikamwambia nitauliza.

Majibu ya maabara kuu yamefika leo hii hii, wiki mbili baada ya muda wake. Yanakubaliana na chupa zangu.

Jumapili, 2 Juni
Mvua imekwisha. Mfinyanzi amechaguliwa kuingia kamati ya maji. Alikubali, lakini nilipompongeza hakuonekana na furaha. Nikamuuliza kama dada yake na zile kaya tatu watarudi, maana sasa maji ni safi.

"Dada," akasema, na ni mara ya kwanza ameniita hivyo, "wao hawakuondoka kwa sababu ya maji."

Jumapili, 9 Juni
Tumeenda. Mimi, mume wangu na Mfinyanzi. Nusu siku kweli, kupanda na kushuka, na mume wangu alipumzika mara nyingi kuliko alivyokubali. Njiani tulishauriana aseme nani. Tukakubaliana niseme mimi.

Dada yake Mfinyanzi tulimkuta kwenye kishamba cha maharage walichopewa na jamaa zao, yeye na binti zake wawili. Mwanamke mrefu, mgongo umenyooka. Tukamwamkia, akaitikia. Nikasema niliyoyapanga, na mengine ambayo sikuyapanga. Nikasema kuhusu karatasi ya kwanza na ya pili, na kuhusu chumvi iliyokuwa rafuni. Mume wangu akaongeza yake, mafupi.

Yule mama alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Tulipomaliza hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Akatazama jua, akatazama majani yaliyosonga maharage yake, akamwita binti yake mmoja alete majembe matatu.

Tulipalilia mpaka saa kumi. Malengelenge mawili kiganja cha kulia, moja cha kushoto. Mfinyanzi na dada yake waliongea lugha yao mstari wa mbele, na mara moja walicheka, sijui kwa lipi. Nilipouliza kama watarudi, yule mama alisema, "Tutaona baada ya mavuno." Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga kazi zake.

Tulirudisha majembe, tukaaga. Tulikuwa tumeshashika njia yule mama alipomwita mume wangu.

"Baba, mstari wako wa mwisho umeacha majani."

Akarudi. Tulimsubiri tukiwa tumekaa kwenye jiwe, mimi na Mfinyanzi, mpaka alipoumaliza.